Levi Ndiye Revi: Maisha ya Levi Wakhungu wa Tongaren, 1971–2025

Shilingi milioni moja, laki nane na elfu arobaini za deni la benki haziwezi kumnyima mtu kaburi kwake, hivyo ndivyo Jairus, mdogo wake marehemu na ndiye anayewasomea historia hii, alivyomjibu kijana wa benki jana Ijumaa saa nne asubuhi, shimo likiwa limefika kiunoni na wachimbaji wameegemea majembe wakisikiliza. Kijana huyo anaitwa Kimeli, ni afisa wa mikopo kutoka Kitale, na hakuja kwa ubaya, alivua kofia, akatoa pole, akakubali chai, ndipo akatoa barua mbili. Ya kwanza ilisema shamba hili tulilokalia litauzwa kwa mnada Jumanne tarehe 11 Novemba, na ya pili ilitoka kwa kampuni ya bima iliyokatia mkopo huo bima ya kifo, ikisema haitalipa hata ndururu, kwa sababu aliyekatiwa bima anaitwa Revi Wakhungu, aliyekufa anaitwa Levi Wakhungu, na kwa kumbukumbu zao Revi bado hajafa.

"Kwa hivyo, mzee," Kimeli akasema, "mkubwa wangu anaomba kama mnaweza msimzike hapa kwanza. Shamba likiwa na kaburi jipya bei inaanguka. Si mnajua watu wa huku wanaogopa."

"Tumpeleke wapi?"

"Kuna makaburi ya umma pale Kitale."

"Ati makaburi ya umma? Mtu ako na ekari tano?"

"Ekari ziko, mzee, lakini hati iko kwetu. Mimi nimetumwa tu."

"Basi rudi uwaambie Levi hukumpata. Ulimpata Revi, na Revi amekataa."

Wachimbaji walicheka, lakini Rispah, mjane, aliyekuwa amesimama mlangoni pa jikoni, hakucheka, aliketi chini pale pale kwenye vumbi, akauliza kwa sauti ndogo kama watakuja na polisi, na tangu saa hiyo hajatia kitu mdomoni isipokuwa maji. Kwa sababu hiyo historia hii haitasomwa kama zinavyosomwa nyingine, ambapo watu huinamia simu zao mpaka wasikie watoto wametajwa, bali kila mwaka na kila mahali vitatajwa, nanyi mtakuwa mashahidi, kwa maana bila nyinyi familia hii haina ushahidi mwingine.

Levi Wakhungu alizaliwa Jumatano tarehe 14 Aprili 1971, hapa hapa Tongaren, katika nyumba ya nyasi iliyokuwa pale palipo na zizi, akiwa mtoto wa kwanza wa marehemu mzee Sifuna na mama Nabwile, ambaye ana miaka sabini na sita na ameketi pale mbele kwenye kiti cha buluu. Mzee Sifuna alipewa shamba hili kwa mkopo wa serikali wakati wa kugawa mashamba ya wazungu, akaulipa kwa mahindi na maziwa miaka ishirini bila kuruka mwaka, na hati ilipotoka mwaka 1989 alichinja jogoo, akaila nyama yote na wazee wenzake, na hati akaiweka ndani ya mkebe wa biskuti juu ya dari. Jina Levi lilitoka kwa mchungaji wa Kanisa la Marafiki aliyembariki, aliyelisoma katika Biblia vizuri kabisa, lakini mama Nabwile hajawahi kulitamka hivyo hata siku moja katika maisha yake, na kila mtu wa boma hili alikua akisikia likiitwa kutoka jikoni, Revi, njoo ure ugari umepoa.

Alianza masomo Januari 1979 katika shule ya msingi iliyo ng'ambo ya mto, akafanya mtihani wa darasa la nane mwaka 1986, na huko ndiko mwalimu wa Kiswahili alikotangaza vita na ulimi wake. Aliandika ubaoni "kula" na "kura", akamwita mbele, akamuuliza, wewe Wakhungu, unataka ipi, naye akajibu, zote mwalimu, zikikuja pamoja, na kwa jibu hilo alichapwa viboko vinne. Wako hapa watu watatu waliosoma naye darasa hilo, na mmoja wao leo ni naibu wa chifu, na yeye pia, Mungu amsaidie, husema "barabara ya rami". Levi aliingia kidato cha kwanza mwaka 1987 na akaacha katikati ya kidato cha pili, Juni 1988, mzee alipougua na karo ikawa dawa.

Mwaka 1990 alikwenda Kitale kutafuta kazi, akalala miezi saba Kipsongo katika chumba cha watu watano, akibeba magunia kwenye maghala ya mahindi, kisha akahamia Matisi, ambako mwaka 1997 alianza kuuza mahindi kando ya barabara akiwa na turubai moja na gorogoro mbili, ile mikebe ya kupimia nafaka. Mliowahi kununua nafaka sokoni mnajua gorogoro hugongwa kitako mpaka kiinuke ndani, ili mteja alipie kilo mbili abebe moja na robo tatu, lakini ya Levi ilikuwa na kitako bapa kama siku ilipotoka kiwandani, na akina mama wa Matisi walikuwa wakiipitisha vidole kwa ndani kabla ya kununua, naye hakukasirika, alisema afadhali mtu ashike mwenyewe. Mwaka 2004 alifungua kinu chake cha kwanza cha kusaga, na magunia mia matupu ya kuanzia alipewa na Bwana Abdirashid, mwenye duka karibu na msikiti wa Kitale, bila karatasi, bila riba, kwa kushikana mikono tu, Abdirashid akimwambia, Revi, ukinilipa umenilipa, usiponilipa nitakuwa nimejua bei yako ni gunia mia. Alimlipa kwa wiki sita, na Abdirashid yuko hapa leo, ameketi na wazee.

Alifunga ndoa na Rispah, wa kutoka Sirisia, Jumamosi tarehe 12 Desemba 1998, katika Kanisa la Marafiki, na mchungaji aliposema useme baada yangu, yeye akasema mimi Revi nakuchukua wewe Rispah, kanisa likacheka, bibi arusi akacheka mpaka ushungi ukaanguka, na ndoa hiyo ikasimama miaka ishirini na sita na miezi kumi. Walibarikiwa watoto wanne, Viola mwaka 2000, Sifuna mwaka 2003, na mapacha Mukhwana na Mulongo mwaka 2009.

Sasa tufike pale pabaya. Mwaka 2021 Levi alikuwa akiuza unga kwa shule tatu za bweni, na mahindi yalikuwa yakimwozea kwa mvua, akataka mashine ya kukausha na kinu kikubwa, akaenda benki Kitale, ambayo hatuitaji jina kwa sababu mchungaji ametuomba. Alikwenda mara tatu. Mara ya kwanza aliambiwa alete vitabu vya hesabu vya miaka mitatu, mara ya pili akaambiwa vitabu ni vizuri lakini mahindi si dhamana kwa sababu mahindi huliwa, na mara ya tatu meneja alimweleza kwa upole, kama mtu anayemfafanulia mtoto, kwamba pesa za benki nyingi hukopeshwa serikali, kwa kuwa serikali haifi, haiugui, wala mvua haiinyeshei, sasa wewe mzee una nini cha kushinda serikali. Levi alirudi nyumbani akapanda juu ya dari, akauteremsha ule mkebe wa biskuti.

Jumatano tarehe 9 Machi 2022 alitia saini mkopo wa milioni mbili na laki nne, wa miaka mitano, akaiacha hati ya baba yake juu ya meza ya benki, na kabla hajapewa kitu zikakatwa shilingi elfu arobaini na tatu na mia mbili za bima, ili akifa kabla ya kumaliza, deni life naye na hati irudi kwa mjane. Hayo maneno tumeyasoma wenyewe, yako ukurasa wa sita. Karani aliyejaza fomu ya bima alikuwa dada mmoja mpole anayeitwa Wangui, wa kwao Nyeri, akamuuliza jina, naye akajibu kama alivyojibu maisha yake yote, Revi Wakhungu, na ninyi mnajua, kule Nyeri pia hizi herufi mbili hazijawahi kusuluhishwa, kwa hivyo mmoja alisema Revi, mwingine akasikia Revi, akaandika Revi, na hakuna kati yao aliyeona ajabu. Namba ya kitambulisho iliandikwa sawa. Tarehe ya kuzaliwa iliandikwa sawa. Picha ni yake, na koti ni lile la kahawia alilovikwa leo.

Mashine ya kukausha ilifika, na mwaka wa kwanza ulikwenda vizuri, akalipa kila tarehe tano. Kisha zile shule zikaanza kuchelewa kulipa, muhula mmoja, muhula wa pili, kila bwana wa stoo akisema pesa ya serikali haijaingia, wakati huohuo ujumbe ukaingia kwa simu kwamba riba yake imepanda kutoka asilimia kumi na tatu hadi kumi na nane na nusu, bila mtu kumuuliza, na alipokwenda kuuliza sababu akaambiwa serikali inakopa sana na pesa imekuwa ghali. Wazee, shikeni hapo. Serikali ilikula unga wake bila kulipa, ikaenda kukopa kwenye benki ileile, na kwa kukopa kwake ikapandisha bei ya deni lake. Hayo Jairus hakufundishwa na profesa, yeye alifika darasa la saba na anatengeneza vinu, aliyasoma kwenye magazeti ya kufungia vipuri, na kama yuko mtu anaweza kumweleza vingine, boma halina mlango.

Ugonjwa wa Levi hospitali waliuita presha, sisi tuliouona tunauita hofu. Hofu humwingia mtu kama mdudu dumuzi kwenye gunia la mahindi, kwa nje gunia limesimama zima, ukiligusa ni vumbi. Ilianza mwaka jana mwezi wa Mei, alipokosa kulipa mara ya kwanza tangu azaliwe, na namba ya benki akaiandika kwenye simu "Mvua ya Mawe", ili simu ikilia Rispah ajue kwa nini uso umebadilika. Alianza kujibu maswali kabla hajaulizwa. Ukimwambia habari ya asubuhi, alisema, nitalipa. Gari jeupe likipunguza mwendo pale kwa lango aliacha chakula, akaingia stoo, akasimama kati ya magunia, mtu mzima wa miaka hamsini na tatu, mpaka gari lipite, na mara nyingi lilikuwa gari la daktari wa mifugo. Mahindi ambayo wenzake waliyaweka mpaka Mei yeye aliyauza Desemba, kwa bei ya chini kabisa ya msimu, ili apate cha kupeleka, na alichopeleka kilimezwa na faini hata deni lisipungue. Kanisani alihama kiti chake cha miaka ishirini, akakaa karibu na mlango.

Na hili linasemwa ingawa wakili wa familia alishauri tusilitamke hadharani, lakini familia hii haigongi gorogoro kitako. Levi aliliona lile kosa. Mwezi wa Mei mwaka huu alikuwa akipanga karatasi, akaona fomu ya bima imeandikwa Revi, akamwonyesha Rispah, Rispah akamwambia, baba Viola, si uende tu warekebishe, ni herufi moja. Akasema hapana. Alisema nikiingia pale ndani watanikumbuka. Alisema wakifungua faili kwa herufi moja, watalisoma lote, na huenda wakasema hata mkopo wenyewe nilidanganya. Mtu ambaye hakuwahi kumpunja mteja punje aliogopa kuitwa mwongo kwa sababu ya ulimi wa mama yake, akaikunja ile karatasi, akairudisha kwenye mkebe. Wahenga walisema kukopa arusi, kulipa matanga, lakini hawakusema yatakuwa matanga yake mwenyewe.

Tarehe 28 Septemba, Jumapili, akivua viatu baada ya ibada, alianguka, upande wa kushoto ukafa, akapelekwa hospitali Bungoma, ambako alikaa siku kumi na moja. Ulimi ulikuwa mzito, lakini alisema mambo mawili yaliyosikika. Alimuuliza Jairus kama wamekuja. Jairus akamuuliza nani, ingawa alijua. Siku ya mwisho akamwambia Rispah asiwe na wasiwasi, kwa sababu bima iko, akasahau kabisa lile kosa au akachagua kulisahau, hatujui, na Alhamisi tarehe 9 Oktoba 2025, saa tisa alasiri, akafariki, akiwa na miaka hamsini na minne, miezi sita kasoro siku tano.

Hofu hiyo hakuzikwa nayo, ameiacha. Rispah sasa ndiye anayesikiliza magari. Mukhwana na Mulongo wameuliza kama shule ikifunguliwa watatokea wapi. Mama Nabwile ameuliza swali moja tu, kama shamba likiuzwa wanunuzi watamfukua, na hakuna hata mmoja wetu, na tuko watu wazima, aliyeweza kumtazama. Wiki hii Jairus mwenyewe, ambaye wengi mnamjua kwa kelele, alizunguka kijijini akiuliza nani mwingine ana hati benki, akawapata watu saba, na kila mmoja alifunga mlango kwanza ndipo akajibu kwa sauti ya chini. Nyinyi saba mko hapa. Hamtatajwa. Lakini nendeni nyumbani mkasome fomu zenu herufi kwa herufi, na mkikuta kosa msifanye alivyofanya ndugu yetu, nendeni kesho kutwa benki ikifunguliwa.

Wakili anasema mtu mwenye majina mawili huapa mbele ya hakimu kwamba yeye ni mmoja, lakini anayeapa ni mwenyewe, na mwenyewe ndiye huyu ndani ya sanduku. Kwa hivyo tunafanya tunachoweza. Kila aliyewahi kumwita Levi kwa jina la Revi, shuleni, Kipsongo, Matisi, kanisani, kwenye mzani, asimame sasa na abaki amesimama, na asiyeweza kusimama kama mama yake ainue mkono. Viola atapita na kitabu, mtaandika jina, namba ya kitambulisho na mwaka mliomjua, kisha naibu wa chifu atagonga mhuri hapa hapa mbele ya kila mtu. Kimeli yuko hema la pili, amekuja kuzika kama mtu mstaarabu, asiguswe wala asitukanwe, apewe chakula, na kitabu kikijaa apewe nakala aibebe yeye mwenyewe.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Bungoma waliomhudumia siku zote kumi na moja, na yule muuguzi Cheptoo aliyemnyoa ndevu kabla ya wageni kumwona. Tunawashukuru majirani kwa kuni, maji, mahema na usiku wote mliokaa nasi, wafanyabiashara wa nafaka wa Matisi waliofunga vibanda leo siku ya soko, akina mama wa kanisa, na Bwana Abdirashid aliyeleta lori na mafuta yake, na alipoulizwa bei akasema tusimtukane. Kama yuko mtu mwingine anayemdai marehemu, tunamwomba aje siku ya kunyoa nywele baada ya mazishi, kama ilivyo desturi yetu, aseme mbele ya watu, naye atalipwa, kwa kuwa mzee Sifuna alilipa na Levi alilipa mpaka akaishiwa na damu.

Levi, Revi, lala, ndugu yetu, gari likipita hapa sasa ni letu kulisikiliza.

Na kwa benki na kampuni ya bima, familia inasema hivi. Mlichukua shilingi elfu arobaini na tatu na mia mbili tarehe 9 Machi 2022 kwa ajili ya siku hii. Siku yenyewe imefika, na aliyezitoa ni huyu. Mnada ufutwe, na hati ya shamba ikabidhiwe Rispah mkononi, kabla ya Ijumaa tarehe 31 Oktoba, saa kumi jioni.